Kuokoa Okidi Iliyotelekezwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Okidi ni jamii kubwa ya mimea yenye spishi zaidi ya 25,000, na nyingi kati ya hizo huishi zikiwa zimejishikiza kwenye matawi ya miti, bila udongo, zikinyeshewa, zikikauka, kisha zikinyeshewa tena. Mmea uliozoea maisha ya namna hiyo haufi kirahisi kwa kusahauliwa dirishani wiki tatu. Okidi nyingi zinazofika mikononi mwa mtu zikiwa taabani hufia kwenye matibabu: maji mengi kwa pupa, mbolea kabla ya mizizi, chungu kikubwa kupita kiasi, dawa juu ya dawa. Majibu yaliyo hapa yameandikwa kwa kuzingatia hilo. Pale ambapo aina haikutajwa, inayozungumziwa ni Phalaenopsis, ile yenye majani mapana manene na maua bapa, kwa sababu ndiyo inayouzwa kwa wingi kuliko zote na ndiyo inayotelekezwa zaidi.

Nitajuaje kama okidi yangu bado iko hai?

Usiyaamini majani peke yake. Yana akiba ya maji, kwa hiyo yanaweza kubaki ya kijani kwa wiki kadhaa baada ya mizizi yote kuoza. Na yanaweza kulegea na kukunjamana huku mizizi ya chini ikiwa mizima kabisa. Tazama moyo wa mmea, pale katikati jani jipya linapochomozea. Ukiwa mgumu na wa kijani, mmea una pa kuanzia. Ukiwa mweusi na laini, na jani la juu likang'oka kwa kuvutwa kidogo tu, ukuaji wa juu umekwisha, ingawa bado lipo tumaini ambalo limeelezwa mbele. Kisha bonyeza shina kwa kidole, chini ya majani. Shina gumu ni habari njema hata likiwa limebaki na jani moja.

Okidi zenye matunguu, yaani zile ambazo shina lake huvimba na kuhifadhi maji, hazitegemei moyo mmoja. Kwa hizo bonyeza kila tunguu. Lililosinyaa lakini gumu lina uhai. Lililo laini, linalotoa majimaji ya kahawia, limekufa na linapaswa kukatwa kabla halijaambukiza jirani yake.

Maua yote yamepukutika. Imekufa?

Hapana. Phalaenopsis hukaa na maua miezi miwili au mitatu, wakati mwingine zaidi, kisha huyaangusha na kuendelea kukuza majani na mizizi. Inasikitisha kwamba okidi nyingi nzima hutupwa jalalani wakati huohuo. Kama majani ni magumu na mizizi ni ya kijani au ya rangi ya fedha, huna mgonjwa wa kumtibu.

Nianzie wapi?

Itoe kwenye chungu. Wengi huogopa hatua hii wakidhani wataiua, lakini kumtibu mgonjwa ambaye hujamwona ni kubahatisha.

Kwanza mwagia maji ya uvuguvugu, kisha uiache dakika kumi hivi. Mzizi mkavu hukatika ukipindwa, uliolowa hukubali. Finya chungu cha plastiki pande zote, kishike kikiwa kimeinama, uitelezeshe okidi nje bila kuivuta kwa majani. Kama mizizi imegandamana na chungu na haitoki, kata chungu, usikate mizizi. Toa magome yote ya zamani kwa vidole, yaani vile vipande vya maganda ya mti vinavyojaza chungu badala ya udongo. Unuse pia: magome mazima yana harufu ya mbao, yaliyooza yana harufu ya uchachu na yanasagika mkononi. Chunguza katikati kabisa ya fundo la mizizi, kwa maana mara nyingi utakuta kidonge kigumu cha mosi (mmea laini wa majimaji uliokaushwa) au sponji ambamo mche uliwekwa ulipokuwa mchanga na haukutolewa tena. Kidonge hicho hubaki kimelowa siku nyingi baada ya sehemu nyingine za chungu kukauka, na ndipo uozo unapoanzia, chini ya shina kabisa. Kitoe kidogo kidogo kwa kijiti. Halafu suuza mizizi kwa maji yanayotiririka mpaka uione yote.

Mizizi ipi ikatwe na ipi iachwe?

Mzizi wa okidi una uzi mwembamba mgumu katikati, na nje yake kuna koti nene la seli zilizokufa, liitwalo velameni, linalofyonza maji kama sponji. Koti hilo likiwa kavu huonekana la rangi ya fedha. Likilowa, rangi ya kijani iliyo ndani hujitokeza, kwa hiyo uchunguzi hufanywa mizizi ikiwa imelowa.

Pitisha kila mzizi kati ya kidole gumba na cha shahada, kutoka kwenye shina hadi nchani. Mzizi mzima umejaa na haubonyei. Uliooza hubonyea, hutoa maji, na ukiuvuta taratibu koti huvuka lote ukabaki na ule uzi peke yake. Uliokufa kwa ukame ni bapa, mwepesi, na hauna kitu ndani. Hiyo ya aina mbili za mwisho ikate mpaka ufike mahali pagumu ambapo mkato unaonyesha weupe au ukijani. Mzizi mmoja unaweza kuwa umeoza nchani na kuwa mzima karibu na shina, basi okoa kipande hicho kizima, hata kikiwa na urefu wa kidole tu.

Rangi isikudanganye. Mizizi iliyokaa gizani katikati ya chungu huwa ya njano iliyopauka, na magome huitia madoa ya kahawia. Kama ni migumu, ni mizima. Ukiwa na shaka, uache, kwa sababu mzizi uliokatwa haurudi, lakini ulioachwa kimakosa unaweza kukatwa mwezi ujao. Na kama mmea utabaki na mizizi miwili au mitatu tu, acha pia baadhi ya zile nyuzi tupu. Hazifyonzi maji ya maana, lakini hushikilia mmea usiyumbe.

Mkasi wa jikoni unafaa?

Unafaa ukitakaswa kwa moto. Pasha makali yake kwenye mwali kwa sekunde kadhaa, yaache yapoe, na urudie kila unapohama kutoka mmea mmoja kwenda mwingine. Kuna virusi viwili vinavyosumbua okidi sana, virusi vya mozaiki ya Cymbidium na virusi vya madoapete ya Odontoglossum, na vyote viwili huhamia mmea mwingine kwa utomvu unaobaki kwenye mkasi. Havina dawa. Spiriti huua bakteria wengi lakini si ya kuitegemea dhidi ya virusi. Asiyetaka habari ya moto atumie wembe mpya kwa kila mmea.

Majani yamelegea ilhali namwagilia kila siku. Kwa nini?

Kwa sababu unamwagilia kila siku. Mizizi ya okidi huhitaji hewa sawasawa na inavyohitaji maji. Magome yakishakaa chunguni miaka miwili hivi huanza kuoza na kuwa vumbi, nafasi za hewa kati yake huziba, na maji hukaa pale. Mizizi hukosa oksijeni, hufa, kisha kuvu na bakteria huingia kumalizia. Mmea usio na mizizi hauwezi kunywa hata ukizamishwa, kwa hiyo majani hulegea. Mwenye mmea huona majani yaliyolegea, hudhani ni kiu, na kuongeza maji.

Hapa ndipo okidi nyingi hupotea. Iliyozamishwa na iliyokaushwa huvaa majani yaleyale, na hakuna namna ya kuzitofautisha kwa kutazama juu. Chungu cha mapambo kisicho na tundu huongeza balaa, maana maji hukusanyika chini bila mtu kuyaona.

Nipande kwenye nini?

Magome ya msonobari yaliyokatwakatwa vipande vya sentimita 1 hadi 2 ndiyo yanayotumika sana. Vipande vya makumbi ya nazi ni vizuri pia, lakini viloweke na kuvisuuza mara kadhaa kwanza, kwani vinaweza kuwa na chumvi. Vipande vichache vya mkaa visivyo na vumbi havidhuru na husaidia kuacha nafasi ya hewa. Mosi ya sfagnamu, ule mmea laini wa majimaji unaouzwa ukiwa umekaushwa, hushika maji mengi, kwa hiyo humfaa mgonjwa mwenye mizizi michache, mradi usiushindilie. Udongo wa bustani usiutie kabisa.

Ukubwa wa chungu upimwe kwa mizizi iliyobaki, si kwa majani. Huu ni ushauri ninaousisitiza kuliko mwingine wowote wa upandaji: mmea wenye majani makubwa na mizizi mitatu unastahili chungu kidogo, hata kama utaonekana wa ajabu juu yake. Chungu kikubwa hubaki kimelowa pembeni ambako hakuna mzizi wa kunywa. Plastiki angavu yenye matundu mengi ni bora kwa mgonjwa, kwa sababu utaona mizizi na unyevu bila kuusumbua mmea. Ufungie kwenye kijiti. Mmea unaoyumba husugua na kuvunja ncha za mizizi mipya kila unapoguswa.

Baada ya kupanda, subiri siku mbili tatu ndipo umwagilie, ili mikato ikauke.

Yangu haina mzizi hata mmoja. Ipo njia?

Ipo, kama moyo ni mzima na kuna angalau jani moja au mawili yenye nguvu. Lengo ni kupunguza maji yanayopotea kwenye majani hadi mmea uwahi kuotesha mizizi kwa kutumia akiba yake. Phalaenopsis hufungua vitundu vidogo vya hewa vya majani usiku na kuvifunga mchana, hivyo unyevu wa hewa unatakiwa kuwapo saa zote, na kunyunyizia majani asubuhi peke yake hakutoshi.

Chukua mosi ya sfagnamu, iloweke, kisha ikamue kwa nguvu mpaka isitoe tone. Iweke tabaka jembamba chini ya chombo angavu chenye mfuniko, au ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki angavu. Laza mmea juu yake ili shina likae jirani na mosi bila kuzikwa. Kosa la kawaida ni kuufukia mmea ukidhani utaota haraka, kumbe shina lililofunikwa na unyevu bila hewa huoza. Funga, kisha weka mahali penye mwanga wa kutosha lakini jua lisipopiga kabisa. Jua likilipiga chombo kilichofungwa kwa muda mfupi tu, mmea huiva. Joto la nyuzi 22 hadi 28 za Selsiasi linafaa. Chini ya nyuzi 18 hakuna kitakachotokea isipokuwa uozo.

Fungua kila baada ya siku chache hewa ibadilike. Ukiona ukungu kwenye mosi, itupe na uweke mpya. Ukiona matone ya maji yamesimama kwenye moyo, yafyonze kwa ncha ya karatasi laini. Zaidi ya hapo usiguse kitu.

Kisha unangoja, wiki kadhaa au miezi kadhaa. Jani la chini linaweza kugeuka njano na kuanguka katika kipindi hicho. Usilivute, mmea unahamisha yaliyomo ndani yake. Siku moja utaona kwenye ubavu wa shina uvimbe mdogo unaopasua kitako cha jani, kisha ncha inayong'aa, ya kijani au yenye wekundu. Huo ni mzizi. Mtu aliyengoja miezi hushikwa na hamu ya kuupanda palepale, na hapo ndipo ajizuie. Ncha hiyo huvunjika kwa kuguswa tu, na ikivunjika hukoma kukua. Ngoja mizizi ifike sentimita 3 hadi 5, ndipo uupande kwenye chungu kidogo. Mfuko nao usiuondoe kwa siku moja. Uache wazi saa chache, uongeze siku hadi siku kwa wiki mbili hivi.

Yangu haijaoza, imekaushwa tu.

Basi una kazi nyepesi zaidi. Magome yaliyokauka kupita kiasi hukataa maji, nawe ukimwagilia juu yanapita pembeni na kutoka chini bila kulowesha kitu. Zamisha chungu kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 20 au 30, maji yasifike kwenye majani, kisha kiache kichuruzike kabisa. Rudia magome yanapokaribia kukauka. Usikilaze majini usiku kucha kwa kudhani unafidia miezi iliyopita.

Majani yaliyokunjamana yatanyooka?

Yaliyolegea kidogo hujaa tena. Yaliyokunjamana sana hubaki na mikunjo yake, na hilo si dalili kwamba umeshindwa. Kwenye Oncidium na Miltoniopsis, ambazo ni aina nyingine za okidi, jani jipya lililokua kwa mikunjo ya kukunjana na kukunjuana lilikosa maji wakati wa kukua, na halitanyooka kamwe. Pima maendeleo kwa jani jipya na mzizi mpya.

Nimwagilie mara ngapi?

Hakuna jibu la siku. Chungu kilekile kinaweza kukauka kwa siku nne wakati wa joto na upepo, na kwa siku kumi na mbili wakati wa baridi. Kinyanyue kikiwa kimetoka kumwagiliwa uujue uzito wake, kisha kinyanyue kila asubuhi. Baada ya muda mfupi mkono utakwambia. Kwenye chungu angavu tazama mizizi: ikiwa bado ni ya kijani na kuna umande ndani ya plastiki, acha. Ikigeuka ya fedha, mwagilia. Ukimwagilia, mwagilia kwelikweli, maji yapite na kutoka chini, si kijiko kimoja kimoja. Fanya asubuhi ili maji yaliyoangukia majani yakauke mapema.

Maji ya mvua ni mazuri kuliko yote. Maji ya bomba yanafaa yasipokuwa na chumvichumvi nyingi, lakini yaliyopitishwa kwenye mtambo wa kulainisha maji kwa chumvi usiyatumie.

Inahitaji mwanga kiasi gani?

Mgonjwa asiye na mizizi apewe kivuli chenye mwanga, kwa sababu jua humwongezea kiu asiyoweza kuikidhi. Akishapata mizizi, msogeze polepole kwenye mwanga mwingi uliochujwa na pazia jepesi. Rangi ya majani hueleza vizuri: kijani kilichokolea sana ni upungufu wa mwanga, kijani kilichopauka chenye wekundu pembeni ni mwanga kupita kiasi. Gusa jani mchana. Likiwa la moto mkononi, sogeza mmea kabla halijaungua, maana doa la kuungua halifutiki.

Mbolea niweke lini?

Baada ya mizizi mipya kuonekana na kurefuka, si kabla. Mbolea ni chumvi, na mzizi uliojeruhiwa ukikutana na chumvi hupoteza maji badala ya kuyapata. Wakati ukifika, tumia robo ya kiasi kilichoandikwa kwenye kifungashio, magome yakiwa yameshalowa, na mara moja kwa mwezi pitisha maji matupu mengi kuondoa chumvi iliyobaki. Ukanda mweupe juu ya magome au kwenye ukingo wa chungu, pamoja na ncha nyeusi za mizizi, ni ishara kwamba umezidisha.

Moyo umeoza. Bado kuna tumaini?

Lipo dogo. Uozo wa moyo huja mara nyingi kwa maji yaliyolala katikati ya majani usiku wa baridi. Phalaenopsis hukua kwa ncha moja tu, kwa hiyo ncha ikioza, haitakua tena kwenda juu. Ondoa sehemu yote laini hadi kwenye tishu ngumu, kausha, tia unga wa mdalasini kwenye jeraha, uweke mmea mahali penye hewa na usiloweshe pale tena. Kama mizizi na shina ni vizima, baadhi hutoa mche ubavuni, chini kabisa, na mche huo huchukua nafasi ya mama yake. Uozo ukishashuka hadi ndani ya shina na kulifanya laini, hauzuiliki.

Kuna wadudu weupe wenye unga kwenye makwapa ya majani. Ni nini?

Ni vidung'ata. Wafute kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti ya asilimia 70, ukipita kila kwapa la jani na upande wa chini wa kila jani. Wenye magamba ya kahawia yaliyogandamana na jani ni wadudu magamba. Wakwangue kwa ukucha au mswaki laini, kisha ufute kwa spiriti. Kazi haiishi siku moja, kwa sababu mayai na watoto wao hubaki wamejificha, kwa hiyo rudia kila wiki kwa mwezi mzima au zaidi. Vidung'ata hushuka hadi kwenye mizizi pia, ndiyo maana magome ya zamani hayatumiwi tena. Ukiona sisimizi wakipanda okidi yako, watazame wanakoelekea: mara nyingi wanafuata utamu unaotolewa na wadudu hao.

Majani yaliyofifia, yenye vitone vya rangi ya fedha na utando mwembamba chini, yana utitiri. Huo hupenda hewa kavu. Osha majani kwa maji, juu na chini, tena na tena.

Na uutenge mmea. Okidi yoyote iliyookotwa ikae mbali na nyingine kwa wiki kadhaa, hata ikionekana safi.

Mdalasini, maji ya sukari, asali, haidrojeni peroksaidi: vinasaidia?

Mdalasini hukausha jeraha, na kwa sababu hiyohiyo haufai kwenye mizizi: utaikausha mizima pamoja na mikato. Uweke kwenye jeraha la jani au la shina tu. Sukari na asali huwalisha kuvu na bakteria ulio katika vita nao. Haidrojeni peroksaidi hutoa povu la kufurahisha macho, lakini huunguza tishu hai pia, na mzizi uliokatwa vizuri ukaachwa ukauke hauihitaji.

Nikate shina la maua?

Kwa mgonjwa, ndiyo, hata likiwa na vichomozo vya maua. Najua inauma. Lakini mmea ulio karibu kufa wakati mwingine hujitutumua kutoa maua, na hutumia akiba ileile ambayo ingetoa mzizi. Kata sentimita chache juu ya kitako chake, uweke maua kwenye chupa ya maji. Hudumu siku nyingi. Ikiwa shina la maua limetoa mche mdogo kwenye kifundo, huo usikatwe mpaka uwe na mizizi yake ya sentimita 5 hivi.

Okidi yangu si Phalaenopsis. Mambo ni yaleyale?

Mizizi husomwa vilevile, lakini tabia hutofautiana, na hapa ni vizuri kuijua aina kabla ya kuhukumu.

Dendrobium nyingi, hasa za kundi la nobile, huangusha majani na kubaki fimbo tupu. Hilo ni la kawaida na fimbo hizo zina maji na chakula, tena ndizo zitakazobeba maua. Usizikate zikiwa bado ngumu. Mtu akikupa Dendrobium iliyo uchi, punguza maji, ngoja chipukizi jipya, kisha ongeza.

Cattleya na Cymbidium zina bahati kuliko zote. Matunguu yao ya zamani, yaliyopoteza majani, hubeba macho yaliyolala kwenye kitako. Kata shina linalotambaa ili kila kipande kiwe na matunguu matatu hivi, ondoa maganda makavu yanayofunika macho, weka juu ya mosi yenye unyevu, na mengi huchipua baada ya wiki kadhaa au miezi. Cattleya ihamishwe wakati mizizi mipya inapoanza kutoka kwenye tunguu la karibuni; ukihamisha baada ya mizizi hiyo kurefuka utaivunja, na huenda usipate mingine hadi msimu ujao.

Vanda huwa na mizizi minene inayoning'inia bila chungu. Iliyokaushwa izamishwe mizizi kila siku kwa dakika 20 hadi 30, mpaka mizizi igeuke ya kijani, kisha ining'inizwe ikauke. Haipendi kufungiwa mosi muda mrefu.

Paphiopedilum, ile yenye ua la mfuko, haina matunguu wala majani manene, kwa hiyo haina akiba na haisubiri. Ikikauka kabisa huchukua muda mrefu sana kurudi. Mizizi yake ni ya kahawia na yenye vinyweleo hata ikiwa mizima; aliyezoea Phalaenopsis anaweza kuikata yote akidhani imeoza. Ibonyeze kwanza.

Itachukua muda gani?

Iliyokaushwa tu: wiki hadi miezi miwili mitatu. Iliyopoteza nusu ya mizizi: msimu mmoja wa kukua. Iliyopoteza yote: mwaka mmoja au miwili kabla ya kuonekana mmea wa kujitosheleza. Phalaenopsis hutoa majani machache tu kwa mwaka, huwezi kuiharakisha. Kinachoharibu kazi katika kipindi hiki ni mkono usiotulia, unaoing'oa kila wiki kutazama kama imeota.

Lini nikubali kwamba haiwezekani?

Shina likiwa laini, acha. Ikiwa majani mapya yanatoka na mistari au madoa ya duara yaliyozama, na maua yanatoka na mabaka ya rangi, mmea huenda una virusi. Vipo vipimo vidogo vya virusi vya okidi vinavyotoa jibu kwa dakika chache, na vinafaa kwa mmea unaoupenda kabla ya kuuhukumu. Ukithibitika, uamuzi ni wa aina mbili tu: kuutenga maisha yake yote na mkasi wake peke yake, au kuuangamiza. Kwa mwenye okidi nyingine nyumbani, mimi nashauri wa pili, pamoja na kutupa magome yake na kutotumia tena chungu chake.

Imepona. Nitaipataje itoe maua?

Ngoja iwe na angalau majani manne au matano magumu na mizizi inayojaza chungu. Kisha Phalaenopsis huhitaji ubaridi: wiki tatu hadi sita za usiku wa nyuzi 16 hadi 18, huku mchana ukiwa na mwanga wa kutosha. Shina la maua huchomoza chini ya jani likiwa na ncha bapa iliyochongoka, wakati mzizi una ncha ya duara inayong'aa. Kwa siku chache za mwanzo hufanana, basi usikate chochote. Likishaanza kurefuka, usiugeuzegeuze mmea, kwa sababu shina hufuata mwanga na litajipinda. Uweke pia mbali na matunda yanayoiva, maana gesi ya ethilini yanayoitoa huangusha vichomozo kabla havijafunguka. Kama mmea ulikuwa mahututi, kata shina la maua la kwanza baada ya maua mawili matatu kufunguka na kufurahiwa kwa wiki moja au mbili, uuache mmea ujenge nguvu, na la pili uliache limalize muda wake wote.